Namba Nyeupe Kwenye Kioo cha Neva

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2013. Usiku baridi ilishuka kutoka kaskazini bila kubisha hodi, na alfajiri ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya soya, mzito hivi kwamba Neva Stallcup aliendesha maili zote kumi na moja akiwa ameinamia usukani, akimwomba Mungu kwa sauti awazuie kulungu wasikatize barabara. Hawakukatiza. Ilipotimu saa mbili jua lilikuwa limeshaupasua ukungu, na juu ya uwanja wa mbio wa Tallow Creek mbingu ilikuwa safi, haina hata doa. Hewa ilikuwa ya baridi na kavu, hewa ambayo injini huipenda kuliko binadamu.

Neva alishuka, akapiga miguu chini kuitoa ganzi, kisha akazunguka nyuma ya pikapu yake kuhakikisha kwamba kufuli halijaguswa. Lilikuwa kufuli la sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti nne nyuma ya kibanda cha dereva. Siku nyingine sanduku hilo hubeba spana. Leo lilibeba chakula cha darasa zima, na lilikuwa na kufuli kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa inakuja sasa hivi, mikono mfukoni, inanusa.

"Dada Neva! Umekuja kushindana au umekuja kuuza mboga?"

"Nimekuja kukuonyesha mgongo, Dub."

"Mgongo gani? Wewe si utatangulizwa mbele kama mtoto, halafu mimi nije nikuokote njiani." Dub Hargis aligusa kufuli kwa kidole. "Ni maharagwe?"

"Saa sita utajua."

"Yenye mguu wa nguruwe?"

"Dub, ondoka kwenye gari langu."

Dub alikuwa na miaka thelathini na minane, mkulima wa majani ya ng'ombe na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye sauti ya kuitia watu upande wa pili wa mto. Pikapu yake ilikuwa ya dizeli, nyeusi, ndefu kama jeneza la tembo. Ya Neva ilikuwa ya petroli, ya mwaka 1994, rangi ya mchanga, na mlango mmoja wa rangi ya kijani alioununua kwenye uwanja wa skrepa. Neva mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na saba. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewapikia watoto wa shule ya msingi, na kwa miaka miwili ya mwisho, kila Jumanne na Alhamisi jioni, akishamaliza kuosha masufuria, alikuwa akienda chuo cha wilaya kujifunza ufundi wa injini pamoja na Dub na wengine sita.

Kilichowaleta uwanjani asubuhi hiyo ni nafasi ya gari moja. Karakana ya chuo ilikuwa na sehemu moja tu ambapo mwanafunzi angeweza kuegesha gari lake majira yote ya baridi, penye sakafu ya saruji, winchi na joto. Na cheti hakitolewi mpaka mwanafunzi afungue injini nzima kwa mikono yake, abaki na chuma kitupu, kisha aifunge tena na iwake. Wengine walikuwa na pa kufanyia. Mzee Cordell Yount, mfanyakazi wa posta mstaafu, alikuwa amekwisha kuifanya ya trekta lake la kukatia nyasi, na alijisifu utadhani ilikuwa ya meli. Neva alikuwa na banda lenye sakafu ya udongo, na udongo ukiingia kwenye silinda ni kama mchanga kwenye wali. Tena, mwezi wa Mei Mwalimu Ferrell Oakes angestaafu, na darasa lingefungwa. Asipofanya baridi hii, basi.

Alikuwa ameacha shule akiwa na miaka kumi na mitano. Karatasi mbili tu ndizo zilizowahi kuandikwa jina lake kwa heshima: ya ubatizo na ya ndoa. Aliitaka ya tatu kwa hamu ambayo hakumweleza mtu, isipokuwa Mungu, ambaye alimweleza kila usiku.

Wenzake walikuwa tayari kumpa nafasi ile. Mwalimu Oakes alianza hata kusema hivyo darasani, ndipo Neva akasimama.

"Hapana. Dub naye ameiomba. Nikipewa kwa huruma nitaifungua injini kwa huruma, na itawaka kwa huruma. Tushindane."

"Dada Neva," Dub alisema siku hiyo, akiwa ametoa macho, "unajua gari langu lina nini chini ya boneti?"

"Najua. Moshi."

Darasa lilicheka mpaka Mwalimu akagonga meza.

Ubishi huo ulikuwa wa tangu zamani. Tangu wiki ya kwanza darasa lilikuwa limegawanyika kama kanisa lenye kwaya mbili. Swali lilikuwa hili: mtu mwenye kipato cha kawaida, anayetaka pikapu ya kushindania Jumamosi na ya kwenda nayo kazini Jumatatu, achukue ya dizeli au ya petroli? Dub alikuwa na kisanduku kidogo kama redio, ambacho alikichomeka kwenye waya za injini, na kwa kukichomeka tu akajipatia nguvu za farasi tisini zaidi, bila kushika hata spana moja. "Wewe utabadilisha ekzosi, ubadilishe giya za difu, ubadilishe vichwa vya silinda, uchubuke vidole vyote kumi," alimwambia Neva, "na hutapata hata nusu ya zangu." Hilo lilikuwa kweli, na Neva hakulikana. Lakini alijibu kwamba gari la Dub lina uzito wa ng'ombe saba, kwamba nozeli zake za mafuta ni ghali kama meno ya dhahabu, na kwamba nguvu isiyolipiwa kwenye injini hulipiwa kwenye giaboksi. Vipuri vyake yeye vilikuwa vimejaa skrepani, na kama kimoja kikivunjika, kingine kiko safu ya pili kushoto.

Ili asimwonee mtu, Mwalimu Oakes aliamua washindane kwa kanuni ya kawaida ya Tallow Creek. Mbio za hapo ni za thumuni ya maili, mita mia mbili tu, na anayeshinda si lazima awe mwenye mbio. Kila dereva huandika kwenye kioo cha mbele, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde anazoamini gari lake litatumia. Mwenye namba kubwa huwashiwa taa mapema kwa tofauti ile ile, ili wote wawili, wakienda kama walivyoandika, wafike mstarini pamoja. Lakini ukitumia muda mfupi kuliko ulioandika, hata kwa nukta ya kufumba jicho, umejipita mwenyewe. Na aliyejipita ameshindwa.

"Sitaki kujua gari gani lina mbio," Mwalimu alisema. "Nataka kujua nani analijua gari lake."

*

Asubuhi ilikuwa ya kujaribu. Mkaguzi wa uwanja, mwanamama mnene mwenye kofia ya manyoya, alilitikisa sanduku la Neva, akaona bolti hazichezi na kufuli limekaa, akampungia mkono apite. Neva alienda mara mbili. Mara ya kwanza karatasi ya muda ilitoka na sekunde tisa na nukta sabini na moja. Mara ya pili, tisa na nukta sabini.

Alizitazama karatasi zile mbili kama mtu anayetazama mapacha. Wakati wa joto la Agosti gari hilo hilo lilikuwa likitumia tisa na tisini. Hewa ya baridi imeshikana, injini ya petroli ikiivuta inapata pumzi nzito, inakwenda. Hayo alifundishwa, akayaandika kwenye daftari lake, na leo alikuwa ameyaona kwa macho.

Dizeli ya Dub ilitumia nane na tisini na tatu, kisha nane na tisini na moja. Tabo yake, ile feni inayoisukumia injini hewa, ilipiga mluzi uliowafanya mbwa wote wa uwanjani wabweke. Aliporudi, Neva alisikia harufu kama ya sukari iliyoungua.

"Dub, giaboksi yako inanuka."

"Inanukia, dada. Hiyo ni harufu ya ushindi."

"Kwetu jikoni harufu hiyo ni ya kitu kilichosahauliwa motoni."

"Petroli wana wivu," Dub aliwaambia waliosimama karibu. "Muwaombee."

Saa sita Neva akafungua kufuli. Walikuwa wameshaweka meza mbili za kukunja karibu na uzio, na watu wanne walisaidia kuteremsha: masufuria mawili makubwa ya chuma kizito yaliyojaa maharagwe na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, vifuniko vimefungwa kwa waya; trei tatu za mkate wa mahindi; chupa za kachumbari ya kabichi; na sanduku la barafu lenye galoni nne za chai baridi ya sukari, ambalo Cordell alilishika upande mmoja, akaguna, na kuuliza kama Neva amemficha mume wake humo ndani. Walipasha maharagwe kwenye jiko la gesi. Mwalimu Oakes akamwomba Neva aombee chakula.

Neva alifumba macho. Alipenda sala ndefu, lakini alimsikia Dub akihema.

"Baba, tunakushukuru kwa chakula hiki na kwa mikono iliyobaki na vidole vyake vyote. Utulinde leo. Anayestahili apate, na asiyepata afurahi na mwenzake. Kwa jina la—"

"Amina," alisema Dub, kijiko kikiwa tayari ndani ya bakuli.

Alikula bakuli tatu. Katikati ya bakuli la pili alikubali kwamba petroli ina faida moja, kwamba wapishi wake ni wazuri. Cordell alisema yeye hana upande, yeye ni wa trekta la nyasi, na kwamba gari lolote ambalo huwezi kukaa juu yake ukaona maua ya jirani ni upotevu wa mafuta. Hata Mwalimu Oakes, aliyekuwa hacheki hovyo, ilibidi aweke kikombe chini.

*

Saa saba na nusu Neva alijitenga. Alikaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, daftari juu ya paja. Jua lilikuwa limepasha lami, na hewa ilikuwa imelegea kidogo tangu asubuhi. Akapiga hesabu ya joto. Akapiga hesabu ya unyevu. Akapiga ya upepo, ambao ulikuwa ukitoka mgongoni, kidogo sana. Kila hesabu aliipiga mara mbili, kwa penseli, kama alivyokuwa akihesabu sahani za watoto. Namba iliyotoka ilikuwa tisa na sabini na tatu.

Cordell alikuja akaegemea mlango wa kijani.

"Umepata?"

"Tisa na sabini na tatu."

"Sasa nisikilize mimi mtu mzima. Andika tisa na tisini, ile ya Agosti. Utaanza mbele zaidi. Utakwenda kwa raha zako, na ukikaribia mstari unamwangalia Dub kwenye kioo cha pembeni, unagusa breki kidogo, unavuka mbele yake kwa pua. Wote hapa wanafanya hivyo. Kanuni haikatazi."

"Najua haikatazi."

"Basi?"

Neva alitazama kichupa cha rangi ya viatu mkononi mwake. Alijua kwamba Cordell alimpenda, na kwamba hakuna mtu uwanjani ambaye angemlaumu. Alijua pia ni nini kilichokuwa kikisubiri upande wa pili wa mita zile mia mbili, na kishawishi kikija kwa sauti ya rafiki huwa na uso mzuri.

"Kaka Cordell, mimi nimesoma miaka miwili ili nijue gari hili litatumia sekunde ngapi. Sasa nimejua. Nikiandika nyingine, nilikwenda kusoma nini?"

Cordell alikuna sikio. "Wewe ni mwanamke mgumu."

"Mume wangu anasema hivyo hivyo. Nishikie daftari."

Akainama juu ya boneti akaandika, kwa tarakimu kubwa nyeupe, 9.73. Kisha akaweka kiganja juu ya chuma chenye joto na kusali bila kufungua mdomo. Hakuomba ushindi. Aliomba mkono wake usitetemeke na akili yake isimkimbie taa zikiwaka. Lakini Mungu huona na kile ambacho mtu ameona haya kukiomba.

Dub aliandika 8.92. Alipopita kuelekea mstarini alipunguza mwendo akateremsha kioo.

"Dada! Nimepandisha kisanduku mpaka mwisho; nikikaribia kujipita nitagusa breki. Nimekuambia ili usishtuke nikikupita."

"Nitashtuka ukifika!"

Walisimama bega kwa bega mbele ya mti wa taa, nguzo ya taa za kuanzia mbio. Wanafunzi sita walikuwa wamejipanga kwenye uzio, Mwalimu Oakes katikati, kofia mkononi kana kwamba yuko ibadani. Neva alisikia dizeli ya Dub ikinguruma kando yake, tabo ikijaza kifua. Akaacha kuisikia. Taa za njano zikashuka upande wake, moja, mbili, tatu, na kabla ya kijani kukaa vizuri machoni alikuwa amekwisha kuachia breki.

Gari liliruka.

Ndiyo, liliruka, na katika ile sekunde ya kwanza mwili wake ulijua jambo ambalo kichwa hakikulijua: pikapu ilikuwa nyepesi. Magurudumu ya nyuma yalilia kidogo yakashika. Giya ya pili iliingia kama kisu kwenye siagi. Nyuma yake alimsikia Dub akiondoka, ngurumo ile kubwa, kisha kitu kama kikohozi, kisha mlio wa injini inayopanda juu peke yake bila gari kufuata. Neva hakugeuka. Mstari ulimjia, ukapita chini yake, na alipotazama kioo cha pembeni Dub alikuwa mbali nyuma, ndani ya wingu lake mwenyewe.

"Asante, Bwana!" Neva alipiga usukani. "Asante, asante, asante!"

Alikuwa bado anapiga usukani alipotazama ubao wa taa pembeni. Taa ya mshindi ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka upande wa Dub.

*

Mwanamama wa kofia ya manyoya alimpa karatasi kupitia dirishani, kwa upole, kama anayempa mtu barua yenye habari mbaya. Tisa na nukta sitini na nane. Alikuwa amejipita kwa nukta tano, tano kati ya mia za sekunde moja.

Dub alikuwa ametumia tisa na thelathini na moja, muda wa aibu, na ushindi ni wake. Alikuja akitembea kwa miguu, kwa maana gari lake lilikuwa limesimama kando ya njia likitoa moshi mweupe, na halikubali giya ya mbele wala ya nyuma.

"Nimeshinda," alisema, akikuna kichwa. "Sijui nimeshindaje. Dada, ulikuwa umefika. Mimi nilikuwa bado nasukuma gari kwa kutikisa kiti."

"Nilijipita."

"Wewe? Wewe unayepima chumvi kwa mizani?"

Neva aliisogeza karatasi karibu na macho. Alikuwa anageuza karatasi huku na huku. Hesabu ya joto ilikuwa sawa. Unyevu, sawa. Upepo ulikuwa umelala kabisa. Darasa lilikuwa limemzunguka, kila mtu akisema lake: taa, matairi, saa ya uwanja imeharibika. Mwalimu Oakes alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti yake ya darasani, ile isiyo na haraka:

"Neva, asubuhi ulipojaribu, gari lilikuwa na uzito gani?"

"Ule ule wa siku zote, Mwalimu. Ratili elfu nne na..."

Akageuka polepole, akatembea mpaka nyuma ya pikapu, akainua kifuniko cha sanduku la chuma. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kufutia mikono na kijiko kimoja. Kisha akatazama kule kwenye uzio, kwenye meza mbili za kukunja, ambako masufuria mawili ya chuma, trei tatu, chupa zote na sanduku la barafu vilikuwa vimekaa juani, vitupu.

"Ratili mia na thelathini," alisema kwa sauti ndogo. "Nimepima joto, nimepima unyevu, nimepima upepo. Maharagwe sikuyapima."

Kisha Cordell akatoa sauti kama ya birika linalochemka, na hapo hapo wote wakaachia. Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Dub alishika tumbo kwa mikono miwili.

"Dada Neva! Kwa hiyo mzigo wako nilikuwa nimeubeba mimi!"

"Bakuli tatu, Dub!"

"Sasa nimejua kwa nini giaboksi ilikufa! Haikuundwa kubeba maharagwe!"

Neva alicheka pia. Hakuweza kujizuia, hata machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko, lakini yalitoka kwa pamoja na hakuna aliyeyachambua.

Kicheko kilipopungua wakaanza kudai mbio zirudiwe. Haikuwa haki, walisema. Chakula walikula wao, basi deni ni lao. Cordell alijitolea kupanda ndani ya sanduku la chuma mwenyewe.

"Wewe ni ratili mia mbili," Neva alisema. "Hapana. Sikilizeni. Namba ile hakuna aliyenishika mkono. Niliiandika mimi. Mwalimu alisema anataka kujua nani analijua gari lake, na mimi langu nimelijua nukta tano pungufu. Nafasi ni ya Dub." Akamgeukia, akamnyooshea mkono. "Hongera, kaka."

Aliyasema yote bila sauti kukatika, na ndani yake kitu kilikuwa kinaanguka taratibu, kama sahani ambayo mtu ameiona ikiteleza na hawezi kuifikia.

Dub aliushika mkono ule. Hakuuachia.

Mwalimu Oakes akavaa kofia yake. "Basi, Dub. Chuo kinanipa karakana mpaka mwisho wa Machi. Atakayekaa pale lazima gari lake litoke linatembea, maana mimi ndiye nitakayetia sahihi, na baada ya hapo sitakuwapo wa kuulizwa. Uwanja huu unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili. Utalileta hapa likiwa zima? Nijibu mbele ya hawa."

Dub alifungua mdomo. Kila mtu alimjua, walisubiri mzaha. Alitazama gari lake jeusi kule kando ya njia, likitoa moshi kama nyumba iliyoachwa na watu. Akatazama karatasi yenye tisa na sitini na nane mkononi mwa Neva.

"Mwalimu, jana ningesema ndiyo," alisema. Sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa ya kawaida. "Injini ile ingevuta nyumba. Lakini giaboksi inayoweza kuibeba, hata nikiuza majani yote ya ghalani, siipati kabla ya mavuno mengine. Kisanduku kilikuwa rahisi. Kinachokuja nyuma yake ndicho si rahisi. Huyu dada ameniambia miaka miwili, na mimi nilidhani ni wivu." Akapumua. "Cordell amenisimulia: nimesimama karibu na mtu aliyekataa kudanganya kwa nukta kumi na saba. Siwezi kudanganya kwa miezi sita. Jibu ni hapana. Sitaweza."

"Unaiacha nafasi?"

"Naiacha."

Macho yakahamia kwa Neva. Naye akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi nilisema sitaki ya huruma."

"Huruma gani?" Dub alirudishia sauti yake kubwa. "Nakuhurumia wewe? Tazama gari langu! Wa kuhurumiwa hapa ni nani? Halitembei, dada! Nafasi iko wazi, wewe unataka ikaliwe na kunguru?"

"Ana hoja," Cordell alisema. "Ni mara ya kwanza, tuiandike."

Neva aliinua kiganja. Akawaomba dakika moja. Alitembea mpaka kwenye uzio, akawapa mgongo, amejikumbatia kwa ajili ya upepo wa kaskazini uliokuwa umeanza kuamka tena. Walimwona kichwa kimeinama. Hawakusikia alichosema, na hakikuwa kirefu. Alisema kwamba alikuwa ameomba apate kwa kustahili, na sasa anapewa mahali ambapo neno lake la ndiyo litapimwa kila Jumanne na Alhamisi hadi Machi, na huenda huko ndiko kustahili kwenyewe. Kisha akasema amina, akarudi.

Mwalimu Oakes alimuuliza maneno yale yale, hakupunguza hata moja. Wanafunzi wakasogea. Mwanamama wa kofia ya manyoya akasimama na karatasi zake, na Cordell akavua miwani kana kwamba angesikia vizuri zaidi bila hiyo.

Neva alisimama wima, mikono ubavuni kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Mwalimu, na ninyi nyote mnaonisikia. Jumamosi ya kwanza ya Aprili gari hili litasimama pale kwenye mstari, na hakutakuwa na nati moja ndani ya injini yake ambayo si mimi niliyeifungua na mimi niliyeifunga. Na wewe, Dub, kila Jumamosi mchana kuanzia wiki ijayo nitakuwa ghalani kwako na spana zangu, tuishushe giaboksi ile mpaka tujue kilichoungua, hata kama itatuchukua mpaka mavuno. Nimesema mbele ya watu tisa na mbele ya Mungu. Nisipofanya, niiteni muongo."